Machungwa ya Bibi Hayaliwi

Kwetu kuna mchungwa mmoja ambao machungwa yake hayaliwi. Unaitwa Bibi. Uko mbele ya chumba cha kupangia matunda, umezungushiwa ukuta wa mawe unaofika magotini, na wanaoruhusiwa kuuvuka ukuta huo ni wawili tu: Baba, mwenye kisu, na mimi, mwenye ufagio. Machungwa yakiiva yanaanguka yenyewe, nayakusanya, nayafukia palepale shinani. Watoto wa nyumba hii hujua kwamba Bibi haguswi kabla hawajajua kufunga vifungo vya shati.

Aliyeupanda ni bibi yake Baba. Alipoolewa alikuja na vijiti vitatu vya mchungwa wa kwao, amevifunga kwenye kitambaa kilicholowa, na katika vitatu hivyo kimoja kikashika. Miti yote shambani, zaidi ya mia nane, ni uzao wa hicho kimoja. Mgeni akiuliza siri ya utamu wa machungwa yetu, kaka yangu humpeleka mbele ya ukuta, akavua kofia na kuanza hotuba. Nimeisikia hotuba hiyo mara nyingi mpaka naweza kuikohoa.

Nieleze kazi yenyewe, maana bila hivyo mtaona mwehu ni mimi. Mchungwa mtamu hatuupandi kwa mbegu. Tunaotesha mche wa mdanzi, kwa sababu mdanzi una mizizi sugu, haubabaishwi na ukame wala udongo mbaya. Mche ukifikia unene wa kalamu, unachanja gome lake, unapachika jicho, yaani kichipukizi ambacho hakijafunguka, lililotoka kwenye kijiti cha mchungwa mtamu, unafunga kwa utepe. Jicho likishika, kichwa cha mdanzi unakikata na mti unakuwa mchungwa. Kazi hiyo inaitwa kubebesha. Pale palipounganishwa hubaki kovu maisha yote ya mti. Juu ya kovu ni mchungwa, chini ya kovu ni mdanzi, na Bibi naye alikuwa na kovu lake. Na danzi, kwa asiyelijua, kwa sura ni chungwa, kwa ladha ni adhabu.

Nimebebesha miche ya shamba hili miaka thelathini na moja. Niliolewa, nikaachika, nikarudi nyumbani, na mtu akiniuliza nilirudia nini, namwambia nilirudia kazi. Lakini kisu cha kukatia vijiti vya Bibi si changu. Ni cha Baba, kina mpini wa pembe uliofungwa waya mahali ulipopasuka, na kabla yake kilikuwa cha babu. Msimu wa kubebesha ukianza, Baba huvuka ukuta, hukata vijiti, hunikabidhi. Na kuna sharti: Baba anapokata kwa Bibi, hakuna anayesema neno. Hata ukiumwa na siafu, unaumia kimya.

Sharti hilo ndilo lililotuponza.

Miaka kumi na tisa iliyopita kulikuwa na ukame, na Bibi akakauka upande wa juu. Baba akaamua kumkata chini ili achipue upya. Jambo lenyewe si baya, wakulima hulifanya. Tatizo ni kwamba macho ya Baba yalikwishaanza kwenda, na kila mtu nyumbani alikuwa analiona hilo isipokuwa yeye. Siku moja alilikaribisha chai koti lililotundikwa mlangoni. Ukimtajia miwani anakuuliza kama umemwona akijikwaa.

Basi akapiga magoti, akapapasa shina, akaweka msumeno vidole vinne chini ya kovu. Chini, si juu. Mimi nilikuwa nimeshika tawi lisimwangukie.

Niliona. Sitaki kujificha kwenye hili. Nilikuwa mtu mzima wa miaka arobaini, na maneno matatu, "Baba, juu kidogo," yangetosha. Lakini Baba alikuwa anakata kwa Bibi. Nikaendelea kushika tawi. Msumeno ukaenda na kurudi mpaka Bibi akalala chini, na Baba akasimama akijipangusa magoti, ameridhika.

Kabla matawi hayajapelekwa jikoni, nilivunja vijiti vitatu vilivyokuwa na ubichi kidogo, nikavitia mfukoni mwa aproni. Nyuma ya choo cha nje palikuwa na mdanzi mchanga ulioota wenyewe. Nikaubebesha macho matatu, na moja likashika. Nilichagua chooni kwa sababu hakuna mtu anayekwenda chooni kutazama mandhari.

Kule mbele kisiki nacho kikachipua. Machipukizi manene, yenye miiba mirefu kama sindano za kushonea magunia. Baba alifurahi mpaka akaimba, naye si mtu wa kuimba. "Bibi amerudi ujana," akasema. Kilichorudi ujana kilikuwa mdanzi. Miiba ilipomchoma akacheka, akasema hata marehemu mwenyewe alikuwa mkali. Pua yake alikuwa ameshaimaliza kwa ugoro, kwa hiyo harufu ya jani haikumwambia kitu. Kisha, kwa ajili ya miiba, akaanza kuvaa glavu za ngozi kila anapokata, na glavu zikaviziba vidole, kitu pekee mwilini mwake kilichokuwa bado kinaona.

Nilijiambia nitamwambia kesho. Kesho hiyo ikafika miaka kumi na tisa.

Kila msimu ikawa hivi: Baba anavuka ukuta na glavu zake, anakata vijiti vya mdanzi kwa uangalifu wa daktari, ananipa kwa mikono miwili. Napokea kwa mikono miwili. Naenda kwenye kibanda cha miche, navitia vijiti vya Baba kwenye jiko, nachemshia chai. Kisha nazunguka nyuma ya choo na kisu changu cha kawaida, nakata vijiti vya kweli.

Najua mtauliza. Shambani kuna miti mia nane, yote watoto wa Bibi, si ningekata popote? Ningeweza. Lakini sharti la nyumba ni kwamba jicho litoke kwa Bibi mwenyewe, na Bibi mwenyewe alikuwa chooni. Kumdanganya baba yangu miaka kumi na tisa niliweza. Kuvunja sharti sikuweza. Ndivyo tulivyolelewa, na mimi sikujilea.

Nilichotaka kilikuwa kimoja tu: Baba afe bila kujua kwamba aliyemuua Bibi ni yeye. Nalisema hivyo kavukavu kwa sababu ndivyo lilivyokuwa. Alikuwa na miaka themanini na sita, amekula chumvi ya kutosha. Nilihitaji muda tu, na kila mtu aendelee kutokula machungwa yasiyoliwa.

Halafu ikaja barua.

Kaka aliisoma akiwa amesimama juu ya mizani ya kupimia makreti, maana ndiko alikokuwa. Kaka anashughulika na wateja, malori na makreti, na wachumaji wanamwita Kreti, yeye akijua. Ukimletea jani la mchungwa na jani la mdanzi atakuuliza lipi lina bei. Barua ilisema kuna ofisi inayoandikisha mashamba ya kale, na shamba letu limependekezwa. Tukikubaliwa tungepewa kibao cha shaba na jina letu lingeingia kitabuni.

"Wataleta wageni," Kaka akasema. "Watamwona Bibi."

"Si wanamwona siku zote," nikasema.

"Dada, usianze."

Afisa aliyekuja alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye faili nene na kalamu iliyofungwa kwa uzi kwenye faili isipotee. Sikulishika jina lake. Kichwani nilimwita Mama Fomu. Sikumchukia. Alikuwa mtu wa kazi, na mtu wa kazi namheshimu hata akiwa ananiletea msiba. Alipima kuta za chumba cha kupangia matunda, akahesabu ngazi za mbao zilizotundikwa ukutani, akapiga picha meza iliyochimbika katikati kwa miaka ya machungwa kubingirishwa juu yake. Baba alikuwa kwenye kiti chake karibu na mlango, amevaa shati la kutokea, anajibu kila swali kwa swali. Ilipofika saa nne asubuhi, kurasa zilikuwa zimebaki mbili.

"Ladha ya tunda la mti wa asili," Mama Fomu akasoma.

"Tamu," Kaka akasema. "Andika tamu."

"Nani ameonja?"

"Hakuna. Hayaliwi."

Mama Fomu akainua kichwa. "Sasa kaka yangu, nikiandika tamu na hakuna aliyeonja, si nitakuwa nimetunga?"

"Miti yote ni watoto wake," nikadakia. Nilikuwa nimekaa kwenye kreti, nikajikuta nimesimama. "Onja lolote katika haya hapa. Ni yaleyale."

"Nakuelewa, dada yangu. Lakini fomu inasema mti wa asili. Nafasi ikibaki tupu wanairudisha, na ikirudi inakaa mwaka mzima kabla haijaguswa."

Kaka aliposikia mwaka mzima akageuka akamtazama Baba. Mimi nikamtazama Baba pia, nikimwomba moyoni awe yule mkaidi wa siku zote, yule ambaye ukimwambia mvua inanyesha anatoka nje kuhakikisha.

"Nitaonja mimi," Baba akasema.

Nikamsogelea. "Baba, sharti."

"Sharti nimeachiwa mimi, mama. Na kulifungua nitalifungua mimi." Huniita mama, kwa kuwa nimechukua jina la mama yake. "Nina miaka themanini na sita, sijawahi kumwonja Bibi. Nikifika huko akaniuliza machungwa yangu yakoje, nitamjibu nini?"

Kaka akacheka. Mama Fomu akatabasamu, akaandika kitu.

"Basi nikakuchumie," nikasema, na miguu ikawa imeshatangulia. Mpango nilikuwa nao: karibu na ukuta kulikuwa na kreti la machungwa ya asubuhi. Nitainama ndani ya ukuta, nitatoka na chungwa la kretini, mchezo umekwisha. Nilishavuka ukuta niliposikia viatu nyuma yangu.

"Samahani dada, naomba nikupige picha ukichuma," Mama Fomu akasema. "Geuka kidogo huku. Mkono uonekane."

Mkono ukaonekana. Nikachuma danzi mbele ya kamera, nikapigwa picha mbili, ya pili kwa sababu ya kwanza nilikuwa nimekunja uso.

Nililibeba danzi lile kurudi ndani, na ule mwendo ulikuwa wa hatua ishirini tu. Nilifikiria kujikwaa. Nilifikiria kuanguka nikazirai, lakini sijawahi kuzirai na nisingejua pa kuanzia. Nikamwekea Baba mkononi.

Akatoa kisu cha mpini wa pembe. Hakuwa na glavu. Nani anamenya chungwa na glavu? Akalizungusha kiganjani mara moja, kama anavyofanya kila chungwa tangu nimjue, akaingiza ncha ya kisu, akaanza kumenya.

Kidole gumba chake kikasimama.

Ganda la danzi ni nene, lina vinundu, na kwa mtu aliyemenya machungwa yetu miaka themanini hakuna haja ya macho wala pua. Kidole kilirudi nyuma kikapapasa tena lile ganda, polepole, kikaenda mpaka kwenye kikonyo. Uso wake haukubadilika. Mimi ndiye niliyekuwa namtazama kidole, wengine walikuwa wanamtazama usoni. Baba alikuwa na nafasi ya kuliweka chini pale. Angeweza kusema limeoza, au lina funza, tukaishia hapo.

Akaendelea kumenya. Akalimenya lote, akaligawa vipande, akatia kipande cha kwanza mdomoni.

Mmewahi kula danzi? Si kulilamba, kulila. Linakaza taya, linapanda mpaka masikioni. Baba alitafuna. Akameza. Akachukua cha pili. Nilihesabu kwa sababu sikuwa na la kufanya: vilikuwa vipande kumi, na alivila vyote kumi, bila haraka, mgongo umenyooka. Mzee alijikaza kisabuni. Kwenye kipande cha sita jicho la kushoto likatoa chozi.

"Baba amefurahi mpaka analia," Kaka akamwambia Mama Fomu kwa sauti ya chini.

"Naweza kuonja kipande?" Mama Fomu akauliza. Kilikuwa kimebaki kimoja.

"Samahani, mama yangu," Baba akasema. "Machungwa ya Bibi hayaliwi." Akakitia mdomoni. Alipomaliza akafuta kisu kwenye suruali, akakikunja. "Andika tamu."

Akaandika.

Mama Fomu alipoaga, Kaka akamsindikiza ndani ya gari lake hadi lango kuu. Baba akaniambia nifunge mlango. Nikaufunga. Alikuwa ameshika kikombe cha chai niliyomletea kutoka kibandani.

"Tangu lini?"

"Mwaka wa ukame."

"Niliukata chini ya kovu."

Nikaanza kuokota maganda ya danzi.

"Nimekuuliza, mama."

"Ndiyo, Baba. Vidole vinne chini."

"Ulikuwepo."

"Nilikuwepo. Niliona."

"Ukanyamaza."

"Kwa Bibi hakuna anayesema neno."

Nje mchumaji mmoja alikuwa anabishana na mwenzake kuhusu ngazi. "Na vijiti ninavyokupa kila mwaka?"

"Nachemshia chai."

Akakigeuza kikombe mkononi. "Chai hii?"

"Hiyo pia."

"Na shamba? Miche yote hii uliyobebesha, macho ulitoa wapi?"

"Niliokoa kijiti. Kiko nyuma ya choo. Ni mti mkubwa sasa."

Nilidhani atacheka. Chooni ni chooni, hata mimi nilikuwa na kicheko tayari, nakisubiri chake. Hakucheka. Akaweka kikombe chini, akanyanyuka, akatoka akipapasa fremu ya mlango.

Hakunisemesha wiki saba. Tulikuwa tukila meza moja, na akitaka chumvi iliyo mbele yangu anamtuma Kaka aniombe. Kaka akadhani nimemkosea kuhusu mgeni, akanishauri niombe radhi, nikamwambia akapakie makreti yake. Iliniuma. Sina sababu ya kuficha. Miaka kumi na tisa nimemfunika mtu nguo, na siku inapodondoka ananikasirikia mimi badala ya upepo. Nilikuwa nikilala nikijitetea na kuamka nikijitetea, na kila mara kesi ilikuwa inaishia palepale, kwenye ule msumeno na mdomo wangu uliofungwa.

Kibao cha shaba kililetwa. Kaka alikipigilia kwenye ukuta wa Bibi, akasimama pembeni yake akapigwa picha. Chini ya jina la familia imeandikwa kwamba tunda la mti wa asili ni tamu.

Msimu wa kubebesha ukaanza. Asubuhi ya kwanza Baba akatoka na fimbo na kisu, nami nikamfuata na kikapu kama kawaida, hatua tatu nyuma. Kaka akaja na simu ya kupigia picha, kwa ajili ya wageni. Tulifika kwenye ukuta. Baba hakuuvuka. Aliugusa kwa fimbo, akaufuata mpaka ulipoishia, akashika njia ya nyuma ya nyumba.

"Baba anaenda chooni," Kaka akaninong'oneza. "Sasa kisu cha nini?"

Nikamfuata Baba.

Baba alizunguka choo akishika ukuta wake, akafika kwenye mti. Akaweka fimbo chini. Akapiga magoti, na ilimchukua muda kuyapiga, akaanza kupapasa shina toka ardhini kwenda juu, mpaka vidole vikalipata kovu. Akaweka vidole vinne hapo, vimepangana. Akakaa hivyo. Hatukusema neno, hata Kaka, ambaye hakuwa anaelewa kitu ila sharti lilikuwa kwenye damu yake pia.

Kisha akasimama, akashika kijiti kwa mkono wa kushoto, akainua kisu kwa mkono wa kulia. Mkono wa kulia ukabaki hewani. Akaushusha. Akakigeuza kisu, akakinyoosha mpini mbele, kwa mtu aliyedhani ni mimi. Lakini upande ule hakukuwa na mtu. Mimi nilikuwa kushoto kwake, na kisu kilikuwa kimeelekezwa kwenye mlango wa choo.

Nikazunguka taratibu, nikaenda kusimama pale kilipoelekezwa.

"Sioni, mama," Baba akasema. "Kata wewe. Na useme."

Nikakipokea kwa mikono miwili. Nikashika kijiti cha kwanza, nikamwambia kwa sauti, "Hiki kiko juu ya kovu, Baba, kina macho saba, nakikata hapa," nikakata. Nikamwambia cha pili, nikakata. Nikaendelea hivyo, namtajia kimoja kimoja, mpaka kikapu kikajaa, na kila nilipotaja aliitikia, "Haya."